Siku Nilipokalia Randa ya Maganga

Nyie mliobaki kwenye dirisha la dawa mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, na Kabula akaongeza kwamba nisiandike kama ripoti ya robo mwaka. Nitajitahidi. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu vyangu vilikuwa vichache na vyote vilifika vimechelewa, na habari za mshahara mnazijua wenyewe. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na jinsi fundi mmoja wa Keko alivyokaribia kuuza riziki yake kwa sababu ya orodha ya vyuo iliyotumwa kwenye simu. Hilo la mwisho mnaniuliza kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka. Basi nalijibu mara moja, na atakayekuja kuniuliza tena nitamwambia akasome.

Nilifika hospitali yetu ya Temeke nikiwa kijana mwembamba wa Kizaramo, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Nilipokelewa na Mama Tarimo, mkuu wa famasi, mwanamke wa Kilimanjaro ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa kuwa hakuwahi kuhitaji. Nikamwamkia, akaitikia, akakiangalia cheti changu, akakirudisha.

"Kaa nje," akasema.

Nikadhani nimefukuzwa kabla sijaajiriwa. Kumbe kila mgeni alianzia kwenye foleni ya wagonjwa, upande wa pili wa dirisha, asubuhi nzima, akisikiliza watu wanasema nini wakishapewa dawa. Nilisikia makubwa. Mzee mmoja alikuwa anamweleza mwenzake kwamba vidonge vya njano ni vya wanaume. Mama mwingine alikuwa anagawana dozi na dada yake, kwa haki kabisa, kwa kuwa waliumwa kitu kimoja. Niliporudi ndani Mama Tarimo akaniuliza nimejifunza nini.

"Mama, hawatusikii," nikasema.

"Dirisha dogo," akajibu. "Inama."

Ndiyo maana mgongo wangu uko hivi mnavyouona. Wengine wanasema ni uzee, waacheni.

Zana zetu zilikuwa chache. Mizani, kinu cha kauri na mchi wake, trei ya kuhesabia vidonge na kile kisu butu ambacho kila mgeni hudhani ni cha kupakia siagi. Na kulikuwa na kopo la fuwele za GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni, ambayo tangu siku hizo tunaichanganya wenyewe. Mama Tarimo alinionya nisifungue kopo lile chini ya feni. Aliponionya nilikuwa nimeshalifungua. Unga wa GV ukiwa mkavu huuoni, hata ukikutua usoni. Unauona ukishalowa. Mie niliuona mchana uleule wa Jumamosi, Kawe, nilipokwenda kujitambulisha ukweni. Jua lilikuwa kali, nikaanza kutoka jasho, na mbele ya wazee wote nikaanza kugeuka zambarau, kwanza paji la uso, halafu shingo, halafu mikono yote miwili. Mama mkwe aliuliza kwa upole kama ugonjwa wenyewe unaambukiza. Mke wangu anasema alinikubali kwa huruma, na mpaka leo sijapata ushahidi wa kumpinga.

Vidole vyangu vilikaa na rangi ile wiki nzima. Mama Tarimo akaviangalia akasema, "Sasa unafanana na mtu wa kazi." Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na niliitunza.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini iliyonikaa ni ya mama mmoja wa Vingunguti. Alikuja na mtoto mgongoni, homa haishuki, mtoto amelegea. Mkononi alikuwa na chupa ya antibayotiki, ile ya unga unaochanganywa na maji, aliyoinunua duka la dawa la mtaani kwao. Aliitoa kwa fahari.

"Dawa yenyewe nzuri, kaka, haiishi. Nampa kila siku na chupa bado imejaa."

Mama Tarimo akamuuliza taratibu alivyoelekezwa. Akasema aliambiwa aongeze maji mpaka kwenye alama. Na alikuwa anaongeza. Kila akimpa mtoto kijiko, chupa ikishuka, anajaza tena mpaka kwenye alama, kama alivyoambiwa. Mtoto alikuwa anakunywa maji ya bomba yenye harufu ya ndizi. Niliogopa siku ile, nawaambia kweli, maana mama yule hakukosea hata neno moja. Mtoto alilazwa, akapona. Tangu hapo Mama Tarimo akaweka sheria kwamba dawa ya unga haitoki dirishani mpaka tuichanganye sie wenyewe, mbele ya mwenye mtoto.

Mama Tarimo alipostaafu, miaka ikapita, na mie nikapewa kazi ya kupokea wanafunzi wa field, wale wa mafunzo kwa vitendo. Walitoka vyuo vyote, vile vinavyoongoza orodha na vile ambavyo orodha haijui kama vipo. Wote niliwaanzishia nje kwenye foleni. Wapo walionuna. Mmoja aliuliza kama hilo limo kwenye mtaala, nikamwambia limo, ila ukurasa huo umechanika. Halafu nilikuwa nawauliza swali la chupa: ukimwambia mama aongeze maji mpaka kwenye alama, nini kitatokea? Majibu mazuri yalitoka kila upande, na mabaya vilevile. Kijana bora kuliko wote niliowahi kumpokea alitoka chuo kinachoongoza orodha, asije mtu akasema nina kinyongo nacho. Na aliyenichosha kuliko wote naye alitoka hapohapo, tena walikuwa wanalala chumba kimoja.

Kwa ajili ya kazi hiyo nikawa mtu wa kuulizwa. Mzee Salumu, chuo kipi bora? Aliniuliza muuza chipsi, akaniuliza shemeji, akaniuliza hata daktari wa meno huku mikono yake imo mdomoni mwangu. Wote walikuja na orodha ileile. Haina mwenyewe, orodha ile. Inaingia kwenye kundi la ukoo, imetumwa na mtu aliyetumiwa, ina nyota na rangi. Mwaka mmoja palikuwa na chuo katikati ya orodha, kimepewa nyota nzurinzuri, ambacho hakifundishi famasi kabisa. Kinafundisha utalii.

Mie huwa nauliza maswali ya kijinga. Chuo kinatambuliwa na Baraza la Famasi? Kwenye maabara, wanafunzi wangapi wanagombea mizani moja? Field wanakwenda wapi? Na je, mmehesabu kila kitu au mmehesabu ada tu? Maana ada ni mlango. Ndani kuna chumba, nauli, koti jeupe, na kile chakula cha jioni ambacho hakuna karatasi ya chuo inayokitaja. Mtu akishajibu hayo, nyota za orodha namwachia azitazame atakavyo.

Sasa nifike kwa Maganga. Huyu ni fundi seremala wa Keko, Mnyamwezi wa Tabora, mteja wangu wa vidonge vya presha. Siku ya kwanza alipotoa kadi yake dirishani nikasoma jina, nikamuuliza kwao wapi, akanijibu.

"Pole sana," nikamwambia. "Dawa za Wanyamwezi zimeisha."

"Basi nipe za Wazaramo," akasema palepale. "Mnazo nyingi, maana kazi hamfanyi, mnaumwa tu."

Foleni nzima ikacheka, na urafiki ukaanza. Kila mwezi alinituhumu kuuza mashamba ya babu zangu nikanunue ngoma, nami nikamuuliza ni lini atatua mizigo aliyotoka nayo Tabora kwa miguu. Mnajua utani ulivyo. Mnyamwezi hawezi kumkasirikia Mzaramo, na Mzaramo hawezi kumkasirikia Mnyamwezi, na atakayekasirika kajiaibisha mbele za watu. Mtani akiingia kwako akakamata kitu, ni chake mpaka ukikomboe.

Maganga ana binti, Kabula, wa kwanza kwao kufika kidato cha sita, na alifaulu vizuri. Akaomba famasi, akapata vyuo viwili. Kimoja ndicho kilichokaa juu kabisa ya orodha. Cha pili kiko upande wa Mbagala, chuo kidogo kinachotambuliwa na baraza, lakini kwenye orodha unakikuta chini kule ambako nyota zimeisha. Mkopo aliopata ungetosha chuo kidogo, tena kwa kujibana. Cha juu kilihitaji zaidi ya mara mbili, na hapo hujazungumzia chumba.

Siku moja jioni Kabula akanipigia.

"Shikamoo, mzee Salumu."

"Marahaba, mtani. Mbona sauti ndogo?"

"Mzee, baba anauza mashine ya randa. Yule jamaa wa Vingunguti anakuja kesho na kirikuu kuichukua. Anataka niende kile chuo namba moja."

"Mama yako anasemaje?"

"Mama kaongea, mjomba kaongea, mpaka mchungaji kaongea. Hasikii mtu."

"Na wewe?"

"Mie nikifungua mdomo tu ananiambia nisiwaze hela, nisome. Hajaniuliza nataka wapi."

Nilikuwa naijua mashine ile. Ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba nzima. Bila hiyo Maganga angerudi kwenye randa ya mkono, kusukuma mbao za mninga tangu asubuhi, mtu mwenye presha ambayo mie mwenyewe ndiye niliyekuwa namgawia vidonge vyake. Na mwaka wa pili ada ingedaiwa tena, na mashine ya pili ya kuuza haikuwepo. Nilikasirika, nikazunguka sebuleni mpaka mke wangu akaniambia nikae au nitoke. Kumshauri ilikuwa kazi bure, walioshauri walikuwa wengi kunizidi. Nikakumbuka kwamba mie si mshauri wake, ni mtani wake.

Kesho yake nikaenda Keko. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, ilikuwa imeshafika, imerudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni mwa karakana, na yule mnunuzi alikuwa anakunja mikono ya shati. Maganga alikuwa anafuta mashine vumbi la mbao kwa kitambaa, polepole. Mkewe kasimama pembeni na Kabula. Nikawasalimu wote. Kisha nikaenda moja kwa moja kwenye mashine, nikahakikisha waya umechomolewa, maana hata utani una mipaka, nikapanda, nikakaa juu yake.

"Mzaramo, unafanya nini?" Maganga akauliza.

"Nimekamata. Mashine hii yangu."

"Shuka bwana, leo siyo siku ya mchezo. Mtu kaja na gari."

"Nami nimekuja na matako. Nani kafika kwanza kukaa?"

Mafundi wa jirani wakazima mashine zao wakasogea. Yule mnunuzi alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Nyie ni watani?" akauliza. Maganga akaitikia kwa kichwa. Jamaa akatoa ufunguo kwenye gari, akakaa kwenye ubao. "Basi malizaneni. Mie sinunui mali yenye kesi."

Maganga alitaka kukasirika, nilimwona. Shingo ilimvimba, akafungua mdomo, akawaona mafundi wenzake wanamtazama, akaufunga.

"Haya, unataka nini nikukomboe?"

"Viwili," nikasema. "Cha kwanza, binti aseme anataka chuo kipi, na wewe usimkatize. Cha pili nitakwambia baadaye."

Kabula alimtazama mama yake, akasogea mbele.

"Baba, mie na mama tulienda kote kuwili. Kile kikubwa kizuri, sikatai. Maabara inang'aa. Nikamuuliza aliyekuwa anatutembeza, akasema wanafunzi wako wengi, miaka ya mwanzo wengi wanaangalia tu mwalimu akifanya. Tukaenda kule Mbagala. Majengo ya kawaida, baba, hata rangi imebanduka. Tukawakuta wanafunzi wanatoka kula. Wote walikuwa na vidole vya zambarau. Wote! Nikamuuliza dada mmoja vipi, akasema ni GV, wanaitengeneza wenyewe, na koti la kwanza hakuna aliyewahi kulinusuru."

Mie nikaviangalia vidole vyangu.

"Wewe akija kijana kutaka kazi hapa," Kabula akaendelea, "huwa unamwambiaga aonyeshe nini?"

Maganga akakunja kitambaa chake mara mbili.

"Mikono, baba. Cheti hujawahi kumuuliza mtu. Na kuna ishu nyingine. Mie nitasomaje huku najua unasukuma randa ya mkono na presha yako? Nikifeli utasema sina akili. Kumbe nakuwaza."

Mama yake akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Maganga akakaa kwenye rundo la mbao, kitambaa bado mkononi, akatuambia jambo ambalo mkewe mwenyewe alikuwa hajawahi kulisikia. Miaka ya nyuma alipewa kazi ya kutengeneza kabati la vitabu la chuo kile kikubwa. Alilipeleka siku ya mwisho amevaa shati lake jipya. Mlinzi akamwambia mafundi wanapita geti la nyuma, kwenye mapipa ya taka. Akapita. Lakini aliapa moyoni kwamba mtoto wake ataingia chuo kile kwa geti kubwa.

"Kwa hiyo mie nasoma kwa ajili ya geti?" Kabula akauliza, si kwa ubaya.

Maganga akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, huku machozi yanamlengalenga, akajipangusa kwa kile kitambaa cha vumbi akajichafua uso mzima. "Nenda Mbagala, mama," akamwambia. "Nenda ukachafuke vidole." Akanigeukia. "Na wewe shuka kwenye mashine yangu."

"Bado cha pili. Nataka kikomboleo."

"Kipi?"

"Sijui. Wewe fundi."

Mnunuzi wa Vingunguti aliondoka na stuli mbili za kulipia mafuta yake, na hakulalamika.

Miaka minne ya chuo haikuwa mchezo, msije mkadhani hadithi iliishia hapo. Kuna muhula Kabula alikula maharage mpaka akaanza kuyapa majina. Kuna mwalimu wao mzuri aliyehama katikati ya somo, wakajisomea wenyewe wiki kadhaa. Chuo kidogo kina udogo wake, na atakayewaambia vinginevyo anawadanganya. Maganga aliendelea kuja dirishani kila mwezi, na kila mwezi nilimdai.

"Mnyamwezi, kikomboleo changu kiko wapi?"

"Subiri. Mti haujakauka."

Kabla ya kuanza mwaka wa mafunzo kazini wakafanya mtihani wa baraza, na mtihani ukapangwa kufanyika kwenye ukumbi wa chuo kile kikubwa. Maganga alivaa suti aliyofungia ndoa, akamsindikiza binti mpaka getini, geti kubwa. Mlinzi akamwambia, "Mzee karibu, pita ukakae kivulini." Akakataa. Alisema yeye anataka kukaa hapohapo getini, akakaa kwenye benchi la mlinzi siku nzima, na alipokuja kunihadithia alisema benchi lenyewe mbao mbovu. Kabula alifaulu. Wa chuo namba moja wengi nao walifaulu, na baadhi yao mnafanya nao kazi sasa, wapeni salamu zangu.

Akapangiwa kwetu. Asubuhi yake ya kwanza nikamwambia, "Kaa nje," akaenda bila kununa. Niliporudi kumwangalia alikuwa amemshika mkono bibi mmoja mwenye chupa ya dawa ya unga ya mjukuu, aliyoinunua duka la mtaani, anamleta dirishani ikachanganywe. Swali langu la chupa sikumuuliza tena.

Na mwaka huohuo zamu yangu ya kustaafu ikafika. Mlinifanyia hafla chini ya turubai pale uani, mkanipa saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndipo nahitaji kujua saa. Mkuu alikuwa bado anasoma hotuba kirikuu ilipoingia ikipiga honi. Nikamtambua dereva, yule jamaa wa Vingunguti. Nyuma alikuwa amekaa Maganga ndani ya suti yake, ameshikilia kitu kilichofunikwa shuka. Kabula akatoka mbio famasi kumsaidia kushusha, na vidole vyake vilikuwa vya zambarau, maana asubuhi ile kopo la GV lilikuwa zamu yake. Akaacha alama za vidole vyote kwenye shuka.

Maganga akavuta shuka. Kilikuwa kiti cha mninga, kipana, chenye mikono na egemeo lililoinama kidogo, kwa mtu ambaye mgongo wake umezoea kuinama. Kimepigwa randa mpaka ukikipapasa hujui ubao unaanzia wapi.

"Mzaramo," akasema mbele ya watu wote, "mti umekauka."

Nilikaa. Nikatafuta neno la utani la kumrudishia nikalikosa, na nililia hadharani kama mlivyoona wenyewe. Maganga akaningoja kidogo, akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini.

"Sasa ile mashine ni yangu?"

Nikamwambia ni yake.